Neno Nililolitafsiri Nikiwa Nimekaa

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa mpaka nikasahau kusalimu kwa Kihispania, lugha iliyokuwa sababu ya mimi kuajiriwa. Ilikuwa katika zahanati ya masista upande wa Njoro. Mama yangu alikuwa mpishi wao, nami nilikulia jikoni mwao, Kihispania nikakiokota hapo katikati ya viazi na sufuria. Nilipomaliza shule, Mkuu wa Masista, ambaye sote tulimwita Madre, alinitoa jikoni akanipa meza, kamusi mbili na kalamu, akasema kuanzia leo wewe ni mtafsiri. Nilitamani kurudi kumenya viazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Daktari wa zahanati, Mkenya mwenzangu, aliandika habari za mgonjwa kwa Kiingereza. Habari za wagonjwa waliomshinda zilipelekwa kwa madaktari bingwa huko Uhispania, nao wakasoma, wakafikiri, wakajibu. Lugha unakotoa maneno huitwa lugha chanzi, na ile unakoyapeleka huitwa lugha lengwa. Katikati yake ni wewe, na ukikosea hakuna atakayejua isipokuwa mgonjwa.

Karatasi ya kwanza ilihusu mzee mmoja wa Molo. Daktari alikuwa ameandika kwamba mzee huyo "shuffles", yaani anakwenda akiburura miguu bila kuinua nyayo. Neno hilo sikulipata haraka, na Madre alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nikaandika "camina", anatembea. Kwa ile hofu, nililiandika kwa mwandiko mzuri sana.

Madre alisoma, akaiweka karatasi chini. Kiswahili chake alikuwa amejifunza ukubwani.

"Mzee natembea namna gani?"

"Anatembea tu, Madre."

"Hapana mtu natembea tu. De pie!"

De pie maana yake simama. Nilisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Alinivisha ndara za mgonjwa mmoja, akaniamuru nimtembee yule mzee, yaani nitembee kama yeye, kutoka mlangoni hadi dirishani, juu ya sakafu iliyopigwa nta. Wauguzi walikuja kuchungulia na kucheka. Lakini nilipofika dirishani nilikuwa nimejua jambo. Mzee yule hakuwa amechoka. Alikuwa anaogopa kuinua mguu kwa sababu hakujua utatua wapi. Nikarudi nikaandika "arrastra los pies", anaburura miguu, na Madre akatikisa kichwa kukubali.

"Daktari iko mbali," akaniambia. "Yeye haoni mzee. Yeye naona neno yako tu. Wewe kaa chini, wewe naandika bure."

Ikawa ndiyo sheria ya meza ile. Neno la mwendo halitafsiriwi na mtu aliyekaa. Nilichechemea kwa ajili ya waliochechemea, nikatembea kwa ncha za vidole kwa ajili ya watoto waliotembea hivyo, na wagonjwa kwenye benchi walizoea kuniona nikipita huku na huku na karatasi mkononi. Wengine walidhani mimi pia ni mgonjwa, na wa kuonewa huruma.

Wanaotaka kuifanya kazi hii wanaelewa haraka kwa nini mwendo una hatari yake. Kiingereza hubana mwendo mzima ndani ya neno moja fupi. Kihispania hupenda kusema kwanza kwamba mtu alitoka au aliingia, halafu kuongeza alitokaje. Mtafsiri mvivu huishia kwenye "alitoka" au "alitembea", akaacha ile nusu ya pili. Hakuna atakayemshika, maana hajasema uongo. Nilijifunza hilo nikiwa na miaka ishirini, na ningelikumbuka ningelala vizuri zaidi uzeeni.

Masista walipofunga zahanati na kurudi kwao, nilihamia kiwanda cha unga mjini Nakuru, mahali palipokuwa na mitambo ya kutoka Uhispania. Hapo nilitafsiri kwa kurudi nyuma, vitabu vya mitambo kutoka Kihispania. Mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Siku niliyoripoti alinipeleka mbele ya mtambo wa kusaga, akapaza sauti juu ya kelele zake.

"Kijana, hii mashine ikikula mtu kidole, mimi sitaanza na hospitali. Nitaanza na meza yako."

Niliogopa mtambo ule miaka kumi na tisa. Kila ilipoandikwa mahali pa fundi kupita, nilikwenda nikapita mwenyewe, mikono mfukoni, kabla sijaandika chochote. Hakuna kidole kilichopotea kwa sababu ya maneno yangu. Kiwanda kilipobadilisha mitambo, Kihispania changu kikakosa kazi, nami nikashuka Naivasha.

Huko nilipata nafasi katika shamba la maua kando ya ziwa. Mwenye shamba alikuwa mama mmoja wa Amerika ya Kusini, tukimwita Doña. Familia yake ilikuwa na mashamba mengine kwao, na hakusoma lugha nyingine ila Kihispania. Kila ripoti iliyompasa kuisoma ilipitia mikononi mwangu, na chini yake aliitaka sahihi yangu. Kila mwezi tuliongea naye kwa video saa kumi jioni, kwake ikiwa asubuhi. Aliyetuongoza hapa alikuwa Meneja Mkuu, kijana msomi, mpole wa maneno, ambaye hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja. Nilimwogopa kuliko ule mtambo.

Wafanyakazi walinibandika jina la Ola, kwa vile walivyonisikia nikimwamkia Doña "hola" kwenye simu. Nikipita Karagita, ambako wengi wao wamepanga chumba kimoja kimoja, watu wa boda boda wangeita, "Ola, niaje!" nami nikawapungia mkono. Ilikuwa furaha ndogo, na niliipenda.

Lazima nieleze habari ya bendera. Kwenye grinihausi, yale mabanda ya plastiki ya waridi, dawa ya wadudu hupigwa alfajiri, kisha mlangoni huwekwa bendera nyekundu. Mtu haruhusiwi kuingia mpaka saa zilizoandikwa kwenye mkebe wa dawa zipite na bendera ishushwe. Kila mtu shambani anajua hivyo. Lakini msimu wa Februari, maua yanapotakiwa ng'ambo yote kwa mpigo, niliwahi kuona bendera ikishuka mapema, na wanawake wakiingia na ndoo zao huku plastiki bado inatoa jasho. Niliona, nikapita. Meza yangu ilikuwa mbali na grinihausi.

Asubuhi moja ya msimu huo, mvunaji anayeitwa Jentrix aliingia namba kumi na nne. Ni mama wa watu wa magharibi, mcheshi, mwenye mazoea ya kuniuliza Kihispania cha vitu vya sokoni. Alitoka baada ya muda mfupi. Soja wa getini alimwona, akaandika kwa Kiingereza katika kitabu cha matukio, kwamba alionekana "staggering" kutoka namba kumi na nne kuelekea kwenye mfereji wa kunawia, akishika waya wa ua, na hapo akaanguka. Neno hilo ni kwenda ukiyumba, miguu ikikataa amri. Soja alikuwa ameishia darasa la nane, lakini aliandika alichokiona.

Meneja Mkuu aliniita ofisini jioni hiyohiyo. Alikuwa ameagiza chai.

"Karibu, mzee. Kaa chini."

Nikakaa.

Mbele yake palikuwa na ripoti ya kupelekwa kwa Doña. Alinisogezea, kidole chake kikiwa juu ya lile neno.

"Hii stagger, mzee, ni kitu ya walevi. Doña akisoma atadhani huyu mama alikuwa amelewa job. Tutamharibia jina bure. Wewe andika tu alitembea."

"Lakini soja ameandika..."

"Nakuuliza, alitembea ama hakutembea? Kutoka hapo mpaka kwa tap, alibebwa?"

"Hakubebwa."

"So alitembea. Hakuna uongo hapo." Akanimiminia chai. "Unajua hii kazi hata simu yangu inaifanya kwa dakika moja. Ni vile Doña anapenda signature yako. Na sisi pia tunakupenda, mzee. Umebakisha nini, mwaka mmoja?"

Nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja na miezi minne nistaafu. Nataka wanaosoma haya wajue kwamba hakunitisha kwa neno lolote baya. Hofu ilikuwa yangu, nilikuja nayo kutoka Njoro. Nilijiona nikiondoka getini na mfuko wa karatasi, nikaona simu yake ikikaa mahali pangu. Mkono ulikuwa baridi na kikombe kilikuwa moto. Nikaandika "salió caminando", alitoka akitembea. Nikatia sahihi. Katika miaka yote ya kazi, hilo ndilo neno pekee la mwendo nililolitafsiri nikiwa nimekaa.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kushtuka. Simu ikilia, moyo unaruka. Nikimwona soja getini naangalia upande mwingine, naye masikini ananisalimu kwa heshima. Mke wangu aliniuliza kama sukari imepanda, nikasema labda.

Siku ya nane Jentrix aliniita Karagita, akituma jirani yake aje kunichukua, kwamba ana barua ya Kiingereza anataka mtu wa kumsomea. Nilikwenda kwa miguu, polepole, nikitafuta sababu ya kurudi. Sikuipata.

Alikuja kunifungulia mwenyewe. Chumba ni kidogo, kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua nne. Nilisikia mkono wake ukipapasa ukutani, sufuria ikaanguka, pazia likavutwa, kisha mlango ukafunguka. Alikuwa anatoka jasho kwa hizo hatua nne.

"Karibu Ola. Usiniangalie hivyo, hii miguu imekuwa ya kuombwa."

Barua ilisema, kwa mujibu wa ripoti iliyofika kwa mwenye shamba, mfanyakazi alitoka grinihausi akitembea kama kawaida, na kwa hiyo ugonjwa wake haukutokana na kazi. Shamba limefunga jambo hilo. Nilimsomea yote, kwa sauti niliyokuwa nikitumia kusoma vitabu vya mitambo.

"Nani alisema nilitembea kama kawaida?" akauliza. "Si soja aliniona? Si aliniokota?"

Nikamrudishia barua.

"Shida yangu si hata kazi, Ola. Daktari wa hospitali huko Nakuru ameniambia lazima ajue jina ya hiyo dawa, ndio ajue atanitibu aje. Nimeuliza ofisi, wanasema hakuna haja, mambo imefungwa. Sasa nikipoteza hii miguu?" Akaikunja barua. "Na wenzangu bado wanaingizwa kabla ya saa. Jana, leo, kesho pia. Wewe unaongeanga na Doña. Muulize basi."

"Nitamuuliza," nikasema. Nilijua nikisema hivyo kwamba sina moyo wa kumuuliza.

Siku ya kumi na moja ikawa ya video. Tulikaa kwenye ofisi ya Meneja Mkuu, yeye upande mmoja wa meza na mimi upande wa pili, uso wa Doña ukiwa kwenye skrini ukutani. Walizungumza habari za maboksi, ndege na baridi ya pakihausi, jengo la kufungashia maua, nami nikapeleka maneno huku na huku. Niliomba kimyakimya mtandao ukatike. Siku hiyo haukukatika.

Mwishoni Doña aliuliza yule msichana wa namba kumi na nne anaendeleaje.

"Mwambie ni mzima," Meneja Mkuu akasema, akikusanya karatasi zake. "Ilikuwa mambo ya nyumbani."

Nilifungua mdomo niseme hivyo. Neno la kwanza la Kihispania lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikasikia kiti changu kikianguka nyuma yangu, na ndipo nilipojua kwamba nimesimama.

"Doña," nikasema kwa Kihispania, "niliandika kwamba alitoka akitembea. Niliandika nikiwa nimekaa. Nakuomba uniangalie."

Nilikwenda mpaka kwenye kabati. Kutoka hapo nikamtembea Jentrix hadi dirishani, mkono ukutani kama ulivyokuwa kwenye waya wa ua, magoti yakienda kila moja njia yake. Watu wakisimulia kisa hiki husema niliigiza vizuri. Sikuigiza. Magoti yalikuwa yanagongana yenyewe kwa hofu, na mimi niliyaachilia tu.

"Mzee, unafanya nini?" Meneja Mkuu aliuliza. Halafu, kwa mara ya kwanza, kwa sauti: "Mzee! Kaa chini!"

Doña alikuwa amesogea karibu na kamera. Alisema nirudie, polepole zaidi. Nikarudia. Safari hii nilikumba meza ndogo, chai ikamwagika kwenye zulia. Nilipofika dirishani niliishika fremu, sikuthubutu kugeuka.

"Se tambaleaba," Doña akasema. Alikuwa akiyumba. Yeye ndiye aliyelitamka neno, nami hata leo naona haya kwamba sikulitamka mimi.

Kisha akauliza ni dawa gani. Nikamtafsiria Meneja Mkuu swali hilo kwa Kiingereza, na kwa sababu hakujibu, nikamtafsiria tena kwa Kiswahili. Doña akasema atasubiri. Alisubiri kweli, mikono ameikunja, mpaka faili likaletwa.

Jina la dawa lilifika hospitalini asubuhi iliyofuata. Jentrix alitibiwa miezi mingi. Miguu imerudi, ingawa vidole vyake havina nguvu ya kushika mkasi wa waridi, na sasa anauza samaki wa kukaanga huko Kamere, kando ya ziwa. Milango ya grinihausi ilifungwa kufuli, na ufunguo akapewa muuguzi wa shamba, ambaye haogopi mtu. Meneja Mkuu alihamishwa. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akasema, "Mzee, si ungeniambia tu?" Nimeifikiria sana kauli hiyo. Nadhani alimaanisha, na hilo linanitisha zaidi.

Nilistaafu kwa wakati wangu. Wenzangu walinipeleka Kikopey kwa nyama choma, wakanipa bakora yenye jina langu, na Ola imechongwa chini yake. Walisema mengi mazuri. Mmoja alisimulia habari ya zulia na chai, kila mtu akacheka, nami nikacheka.

Walipokuwa wakikata nyama, mama mmoja wa makamo alikuja mahali nilipokaa. Nilimjua kwa sura tu, ni mvunaji.

"Ola, nilitaka kukuambia asante. Mimi pia nilikuwa hiyo kumi na nne. Waliniingiza kama wiki moja baada ya Jentrix, bado ile dawa inanuka. Kama hungeongea wangekuwa wananiingiza mpaka leo."

Wiki moja baada ya Jentrix. Kati ya sahihi yangu na ile video zilipita siku kumi na moja. Nilijua siku hizo ni ngapi, nilikuwa nazihesabu kitandani kila mara. Lakini mpaka dakika ile hazikuwa na uso. Nilipaswa kumuuliza kama kichwa kinamuuma, kama macho yake yanaona sawa, kama vidole vinashika. Nilisema, "Asante, mama. Kula nyama."

Alirudi kwa wenzake. Nikaangalia miguu yake. Alikwenda kama hatua kumi na mbili, akapita kati ya meza, akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti kimoja, akaketi. Labda alishika kiti kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Watu hushika viti.

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Siku hizi vijana huniuliza kazi ya mtafsiri ni nini, kama simu inaweza kuifanya. Huwaambia wasimame kwanza. Mke wangu amenizoea, hashangai tena akinikuta sebuleni nikitembea kutoka kwenye kabati hadi dirishani bila bakora. Anadhani nafanya mazoezi ya magoti. Namtembea yule mama, zile hatua zake kumi na mbili, na nikifika kwenye ile ya mwisho nanyoosha mkono nishike kiti, nisikilize mwili wangu kama ulikihitaji. Leo nimerudia mara tatu. Bado sijui.